Kiti, takwimu, mahakama au kijiji: asasi ichague njia ipi ya kudai uwazi wa mafuta na madini?

Asasi inayotaka kujua fedha za mafuta na madini zinakwenda wapi ina njia nne. Kuna kuomba kiti kwenye kamati inayokutanisha serikali, kampuni na raia. Kuna kubaki nje na kuchambua mikataba na malipo ambayo tayari yako wazi. Kuna kuchimbua yaliyofichwa na kuyafikisha kwenye vyombo vya habari au mahakamani. Na kuna kuhamia jirani na mgodi au kisima, ukafuatilia kinachowafikia wanaoishi pale. Asasi kubwa zenye ofisi katika nchi nyingi hufanya yote manne. Yenye watumishi watatu na ruzuku ya miaka miwili haiwezi, na ikijilazimisha itaimaliza ruzuku ikiandika taarifa za utekelezaji.

Ulinganisho huu ni wa hiyo yenye watumishi watatu. Naelemea upande mmoja na sitaficha: kiti ndicho kinachogombewa zaidi, na kwa asasi nyingi changa ndicho kingefaa kuja mwisho.

Kiti kwenye kamati

Kiti kinachojulikana zaidi ni cha EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, yaani uchimbaji wa mafuta, gesi na madini. Wazo lake lilitoka kwa serikali ya Uingereza mwaka 2002, kanuni zake 12 zikapitishwa London mwaka 2003, na leo nchi zaidi ya 50 zinautekeleza. Kila nchi huunda kundi la wadau lenye pande tatu: serikali, kampuni na asasi za kiraia. Kundi hilo ndilo linaloamua ripoti ya nchi itazame malipo gani, kampuni zipi na kwa undani gani. Asasi zina haki ya kuteua wawakilishi wao wenyewe, na wawakilishi hao hawapaswi kuwa chini ya serikali wala kampuni.

Nguvu ya kiti iko kwenye kitabu cha viwango kuliko kwenye ufasaha wa mwakilishi. Tangu kiwango cha mwaka 2019, nchi mwanachama inatakiwa kuchapisha mikataba na leseni zilizotolewa au kurekebishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Malipo yanatakiwa kuonyeshwa mradi kwa mradi, badala ya jumla moja ya kampuni nzima. Wamiliki halisi wa kampuni, wale wanaojificha nyuma ya majina ya kwenye karatasi, wanatakiwa kutajwa. Mwakilishi aliyesoma viwango hivyo haombi fadhila. Anamkumbusha katibu mkuu kile ambacho nchi yake ilikubali. Mahali ambapo barua ya asasi hukaa masijala mwaka mzima bila jibu, kupata nafasi ya kumuuliza mtu wa mamlaka ya mapato ana kwa ana, tena mbele ya kampuni, si jambo dogo.

Sasa tuhesabu gharama zake. Kiti kinakula siku. Kuna rasimu za kurasa nyingi zinazotumwa jioni ya kuamkia kikao, kuna kamati ndogo, kuna warsha ya kupitia kile kilichopitiwa kwenye warsha iliyotangulia. Kuna posho pia, na hapa watu wa sekta hii hupenda kubadilisha mazungumzo. Posho ya kikao ikishinda mshahara wa wiki nzima, mwakilishi anaanza kukilinda kiti chenyewe, na maswali makali yanapungua bila mtu yeyote kumtisha. EITI inalijua tatizo hilo, ndiyo maana inataka utaratibu wa posho za wajumbe uwekwe hadharani. Uulizie kabla hujagombea. Jibu utakalopewa, au kigugumizi utakachokiona, kitakueleza mengi kuhusu kamati hiyo.

Lakini muda na posho si tatizo kubwa. Kubwa ni kwamba ripoti ya aina hii, kwa asili yake, inalinganisha kilicholipwa na kilichopokelewa. Kampuni inasema tumelipa kumi, serikali inasema tumepokea tisa, mkaguzi huru anaitafuta hiyo moja. Kama wizi uko njiani kati ya kampuni na hazina, utaonekana. Kama hasara ilitokea kabla ya malipo, kwenye namna kodi ilivyokokotolewa, tarakimu za pande mbili zitalingana vizuri kabisa na kila mtu atapongezwa.

Mgodi wa shaba wa Mopani nchini Zambia ni funzo la hilo. Mwaka 2011 rasimu ya ukaguzi wa kodi ya mgodi huo ilivuja, nayo ilitilia shaka bei ambayo Mopani ilikuwa ikiiuzia shaba kampuni ndugu ndani ya kundi la Glencore. Kampuni ilikanusha. Asasi tano kutoka ndani na nje ya Zambia zikawasilisha malalamiko chini ya miongozo ambayo OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, imeiweka kwa kampuni za kimataifa. Mamlaka ya mapato ya Zambia nayo ilikuwa na shauri lake kuhusu bei za miaka ya 2006 hadi 2009, na Mei 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipa mamlaka ushindi. Fomu za malipo na mapokezi zisingeweza kulionyesha jambo hilo hata kama zingejazwa kwa uaminifu wote. Mtu aliyekaa kwenye kamati angehitaji kuwa na swali la bei tayari mfukoni, na swali hilo angelipata nje ya kamati.

Kuna pia suala la kiti kupotea chini yako. Azerbaijan ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kukidhi masharti ya EITI. Mwaka 2015 ilishushwa daraja kwa sababu ya namna asasi zilivyokuwa zikibanwa, Machi 2017 ikasimamishwa, na mara moja ikatangaza kujitoa. Marekani nayo ilijitoa kama nchi tekelezaji Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo tusidhani ni tabia ya nchi changa peke yake. Chad ni kisa cha zamani zaidi na kichungu zaidi. Mwaka 1999 ilipitisha sheria ya kugawa mapato ya mafuta ya Doba, ikiwa sehemu ya makubaliano na Benki ya Dunia kuhusu bomba la kupitia Cameroon. Sheria iliunda chombo cha usimamizi chenye wajumbe wa asasi, na ikatenga asilimia 10 kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mafuta yalipoanza kulipa, serikali iliibadilisha sheria, mfuko wa vizazi vijavyo ukafutwa, na mwaka 2008 Chad ikalipa deni lake mapema na Benki ikajitoa. Wajumbe wa asasi walikuwa na viti muda wote huo.

Kiti cha Ghana kimejengwa vingine. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Petroli ya mwaka 2011 iliunda Kamati ya Maslahi ya Umma na Uwajibikaji, inayojulikana kwa kifupi chake PIAC, yenye wajumbe 13 kutoka vyama vya wafanyakazi, viongozi wa dini, machifu, wanahabari, wanataaluma na asasi. Kampuni haina mjumbe mle. Na kazi yake inaendelea pale ambapo ripoti nyingi za EITI zinaishia: fedha zilizokwisha kuingia zilijenga nini, wapi, na je, jengo lipo? Miaka ya mwanzo kamati ilihangaika sana kwa kukosa bajeti, mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yakaipa fungu lake. Ningelazimishwa kuchagua kati ya viti hivyo viwili ningechukua cha Ghana, kwa sababu kimeshikwa na sheria ya nchi na hakitegemei hamu ya serikali ya kupata sifa nje. Bahati mbaya nchi nyingi hazina kamati ya namna hiyo, na kuidai ni kazi ya miaka.

Ukishakaa, jua pia mlango wa kutokea uko wapi. Mchakato wa Kimberley, ulioanza mwaka 2003 kuzuia almasi zinazogharamia vita, ulitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya asasi. Moja ya asasi hizo, Global Witness, ilijitoa Desemba 2011 baada ya mvutano kuhusu almasi za Marange, Zimbabwe. Nyingine, inayoitwa IMPACT, ikafuata Desemba 2017. Asasi nyingine nyingi zilibaki, hasa za Afrika, zikisema kwamba aliye mbali anaweza kuondoka, lakini aliye jirani na machimbo anahitaji jukwaa hata likiwa bovu. Nadhani wote walikuwa na hoja. Asasi yenye jina na wasomaji duniani kote inaondoka na sauti yake. Ndogo ikiondoka, kesho yake hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwepo. Kwa hiyo kabla ya kuingia, andikeni kwenye muhtasari wa kikao chenu jambo gani likitokea mtatoka. Mkisubiri litokee ndipo mjadiliane, hamtatoka.

Takwimu na mikataba iliyo wazi

Njia ya pili haina mvuto. Hakuna picha ya pamoja na waziri. Kuna mtu mmoja, kompyuta, intaneti isiyokatika sana na uvumilivu wa kusoma viambatisho.

Msingi wake ulianzia Angola. Desemba 1999 Global Witness ilitoa ripoti kuhusu fedha za mafuta zilizokuwa zikipotea katikati ya vita, ikazitaka kampuni ziseme zinalipa nini. Mwaka 2001 BP ilisema itachapisha malipo yake nchini humo, yakiwemo dola milioni 111 za kusaini mkataba wa kitalu kimoja, yaani eneo la kuchimba mafuta. Sonangol, shirika la mafuta la serikali, likaijibu kwa barua yenye tishio la kusitisha mikataba. Kampuni nyingine zikaelewa somo na kunyamaza. Hapo ndipo wanaharakati walipoona kwamba hiari haitoshi: kampuni moja ikisema peke yake inaadhibiwa, zikilazimishwa zote hakuna wa kuadhibiwa. Muungano wa asasi uitwao Publish What You Pay, yaani "chapisha unacholipa", uliundwa mwaka 2002 juu ya hoja hiyohiyo.

Sheria zilichelewa lakini zilikuja. Umoja wa Ulaya ulipitisha zake mwaka 2013, na Canada ilipitisha yake mwaka 2014, ikaanza kutumika Juni 2015. Kampuni kubwa za Ulaya, na zile zilizosajiliwa kwenye masoko ya hisa ya huko, zinatakiwa kila mwaka kutaja malipo ya kuanzia euro 100,000 kwa serikali, nchi kwa nchi na mradi kwa mradi. Canada kiwango ni dola 100,000 za huko. Marekani ilikuwa ya kwanza kuandika sharti hilo, mwaka 2010, kisha kanuni za utekelezaji zikafutwa na mahakama, zikaandikwa upya, zikafutwa na bunge, zikaandikwa tena mwaka 2020. Upande wa mikataba, tovuti ya ResourceContracts imekusanya mikataba ya nchi nyingi, na baadhi ya nchi zimejifunga kwa sheria zao zenyewe. Liberia ilifanya hivyo mwaka 2009, na Katiba ya Niger ya mwaka 2010, ibara ya 150, ilitaka mikataba ya uchimbaji itangazwe kwenye gazeti la serikali, mpaka iliposimamishwa baada ya mapinduzi ya mwaka 2023.

Tuone kazi yenyewe inavyofanyika, kwa mgodi wa kubuni. Mgodi umesafirisha tani 20,000 za makinikia, yaani mchanga wa madini ambao bado haujayeyushwa, yenye shaba asilimia 25. Ndani yake kuna tani 5,000 za shaba. Chukua bei ya wastani ya dola 8,000 kwa tani: thamani ni dola milioni 40. Mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikali, kwenye mkataba ni asilimia 5, kwa hiyo unatarajia dola milioni 2. Unafungua taarifa ya malipo ya kampuni na kukuta milioni moja na nusu.

Hapa ndipo asasi nyingi hukimbilia kuita wanahabari. Subiri. Rudi kwenye mkataba uone mrabaha unakokotolewa juu ya nini. Ukiwa juu ya thamani ghafi, gharama za usafirishaji na uyeyushaji hazihusiki. Ukiwa juu ya thamani baada ya makato, sehemu ya pengo imeelezeka. Mwenye mtambo wa kuyeyusha pia halipii shaba yote iliyomo kwenye makinikia, hukata kidogo. Mzigo wa Desemba huenda umelipiwa Januari na umo kwenye taarifa ya mwaka unaofuata. Bei inaweza kuwa ya mwezi ambao mzigo ulifika bandari ya mnunuzi, wala si ya mwezi ulipoondoka. Kisha geuza upande wa pili: je, makinikia hayana dhahabu na fedha ndani? Kama yanazo, ulichotarajia kilikuwa kidogo mno, na pengo ni kubwa kuliko ulivyodhani. Ukimaliza yote hayo na bado kuna dola 200,000 zisizo na maelezo, una swali zuri. Liandikie kampuni barua, wape wiki mbili, kisha chapisha swali pamoja na majibu yao. Swali la namna hiyo halimtii mtu hofu ya kushitakiwa, na si rahisi kulipuuza.

Mapungufu yapo. Kampuni binafsi zisizosajiliwa kwenye masoko hayo hazimo. Kampuni za serikali kutoka nchi zisizo na sheria hizo hazimo. Wafanyabiashara wanaonunua mafuta ghafi ya serikali wana mianya mingi. Sheria ya Uswisi, nchi wanakokaa wengi wao, inagusa wachimbaji na kuwaacha nje wanaofanya biashara tu. Na takwimu peke yake haimsukumi mtu. Nimeona jedwali safi kabisa likikaa kwenye tovuti ya asasi bila mtu kulifungua, kwa sababu hakuna diwani, mbunge wala mwandishi aliyeelezwa kwamba linahusu eneo lake. Ukichagua njia hii, tenga nusu ya muda kwa ajili ya kuwatafuta watu hao.

Uchunguzi na mahakama

Kuna mambo ambayo hayatachapishwa kamwe bila kulazimishwa: nani yuko nyuma ya kampuni iliyopewa leseni, fedha za kusaini zilipita akaunti ya nani. Hapo kamati haifiki na takwimu hazitoshi.

Ila pima urefu wa njia. Nchini Uganda sheria ya kupata habari ilikuwepo tangu mwaka 2005. Wanahabari wawili waliitumia kuomba mikataba ya mafuta, wakanyimwa, wakaenda mahakama ya hakimu Nakawa, na Februari 2010 ombi lao likakataliwa. Asasi za Ufaransa na Uganda zilifungua shauri Paris mwaka 2019 kuhusu mradi wa mafuta wa Ziwa Albert na bomba la kwenda Tanga, zikitumia sheria ya Ufaransa ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa zichukue tahadhari. Februari 2023 mahakama ikasema shauri halikubaliki kwa sababu za kiutaratibu. Kuhusu tuhuma za rushwa katika kitalu cha mafuta cha OPL 245 cha Nigeria, asasi za nchi kadhaa zilifuatilia kwa miaka, na Machi 2021 mahakama ya Milan ikawaachia huru washtakiwa wote.

Ukisoma orodha hiyo utadhani ni njia ya kushindwa. Si kweli kabisa. Nyaraka zilizotolewa kortini zilibaki hadharani, na mradi ambao hapo awali ulizungumzwa kwenye hoteli ukaanza kuzungumzwa bungeni. Lakini asasi ikiingia huko ikitarajia hukumu ndani ya muda wa ruzuku moja, itavunjika moyo, na huenda ikavunjika yenyewe. Unahitaji wakili anayelijua eneo hilo, mhariri asiyeogopa, namna salama ya kutunza nyaraka, na mpango wa nani atampokea mtoto wa mkurugenzi shuleni siku mkurugenzi akikamatwa. Hilo la mwisho si utani. Congo-Brazzaville iliwakamata viongozi wawili wa muungano wa Publish What You Pay mwaka 2006. Zimbabwe ilimkamata mtafiti wa almasi za Marange mwaka 2010. Agosti 2021 Uganda ilisimamisha asasi 54 kwa mpigo, ikiwemo moja ya zilizokuwa mstari wa mbele kwenye masuala ya mafuta.

Kwa asasi ya watumishi watatu, ushauri wangu ni kutoianza njia hii peke yenu. Ingieni kama wa pili au wa tatu, nyuma ya wenye mawakili, na mchango wenu uwe kile ambacho wa mbali hawana: watu, mahali na tarehe.

Kijiji

Njia ya nne hupewa nafasi ndogo kwenye makongamano na ndiyo yenye matokeo ya haraka kuliko zote. Sheria nyingi siku hizi zinataja fungu la wenyeji. Kenya, kwa mfano, iliandika asilimia 10 ya mrabaha wa madini kwa jamii katika sheria ya mwaka 2016 na asilimia 5 ya sehemu ya serikali katika sheria ya petroli ya mwaka 2019. Peru hurudisha mikoani asilimia 50 ya kodi ya mapato ya migodi. Tanzania ina ushuru wa huduma unaokatwa kwenye mauzo kwenda halmashauri. Kuandikwa kwa asilimia na kufika kwa fedha ni mambo mawili, na nafasi kati yake ni kubwa kiasi kwamba asasi inaweza kufanya kazi humo miaka kumi. Grupo Propuesta Ciudadana ya Peru ilifanya hivyo: ilifuatilia fungu la mikoa, mkoa kwa mkoa, ikionyesha kilichotumwa na kilichotumika.

Kijijini utapata pia taarifa ambazo hazimo kwenye ripoti yoyote. Mama anayeuza chakula getini anajua malori yanatoka usiku gani. Kijana aliyeachishwa kazi anajua pampu ipi ya maji machafu imeharibika. Daftari lenye tarehe, saa na namba za malori, likiandikwa bila kuruka siku, halithibitishi wizi, maana lori halisemi limebeba tani ngapi wala shaba asilimia ngapi. Linathibitisha kwamba uzalishaji haukusimama miezi ile ambayo kampuni ilisema umesimama, na hilo linatosha kuanzisha mazungumzo na mkaguzi.

Hatari ya kijiji ni urafiki. Kampuni itachimba kisima, itaezeka zahanati, na afisa mahusiano wake atajua majina ya watoto wenu. Baada ya miaka miwili asasi inajikuta ikieleza mazuri ya mgodi kwenye mikutano. Hatari nyingine ni kuwasemea watu mpaka wanasahaulika: mkutano unaitishwa, mwenyekiti anazungumza, wazee watatu wanazungumza, wanawake walionyang'anywa machimbo madogo wamekaa nyuma wakisubiri uishe. Na kisheria kijiji hakina meno. Kile utakachokigundua utalazimika kukipeleka mahali pengine, kwenye halmashauri, kwa mkaguzi mkuu, au kwa yule mwenzako aliye na kiti.

Ukiwa unachagua

Anza na swali lako, njia itafuata. Kama swali ni "wanalipa kiasi gani na je, ndicho walichostahili kulipa?", kaa na mikataba. Kama ni "kwa nini hatuoni mikataba yenyewe?", tafuta kiti, au tafuta aliyekikalia umpe hoja. Kama ni "nani kajinufaisha?", jiunge na wachunguzi na ujiandae kwa muda mrefu. Kama ni "ahadi ya shule iliishia wapi?", nenda kijijini, wala usipoteze muda na Oslo, yaliko makao makuu ya EITI.

Halafu tazama hewa ya kisiasa. Nchi ikiwa inafungia asasi, kiti cha EITI kinakuwa na thamani ya ziada, kwa sababu mpango huo una itifaki inayolinda uhuru wa asasi kusema, kujiunga na kufikia maamuzi, na nchi hupimwa kwayo. Ethiopia ilikataliwa mwaka 2010 kutokana na sheria yake ya asasi, ikakubaliwa mwaka 2014. Ulinzi huo ni mwembamba, lakini ni zaidi ya kutokuwa na chochote. Kama nchi iko wazi kiasi na vyombo vya habari vinafanya kazi, kiti kinakupa kidogo kuliko takwimu zilizochambuliwa vizuri na kukabidhiwa kwa mbunge mmoja makini.

Fedha za kuendeshea kazi pia zinachagua kwa niaba yako. Wafadhili hupenda viti, kwa sababu vikao vinahesabika. Hawapendi sana kumlipa mtu asome viambatisho kwa miezi sita. Ruzuku ikija na sharti la idadi ya warsha, umeshachaguliwa njia. Fedha za kampuni ya mgodi unaoufuatilia usiziguse, hata zikipitia mfuko wenye jina zuri, na hesabu zenu wenyewe ziwekeni wazi kila mwaka, maana hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa na afisa aliyekasirika.

Ningeanza hivi: mgodi mmoja au kitalu kimoja, mkataba mmoja, mwaka mmoja wa malipo, na kijiji kimoja kinachopakana nao. Njia ya pili na ya nne zinakaa pamoja bila kugombana. Anayesoma mkataba anajua aulize nini kijijini, na anayetoka kijijini anajua atafute nini kwenye mkataba. Mwaka wa pili, mkiwa na swali ambalo hakuna aliyelijibu, gombeeni kiti mkitaka.

Mkianza kuomba mkataba, ombeni na viambatisho vyote kwa majina yake, pamoja na marekebisho yote yaliyosainiwa baadaye. Ofisi nyingi hutoa mkataba mkuu na kuacha viambatisho, kisha zinahesabu kwamba zimechapisha. Kwenye mikataba ya mafuta ya kugawana uzalishaji, utaratibu wa kihesabu huwa kiambatisho, na humo ndimo imeandikwa gharama zipi kampuni inaruhusiwa kujirudishia kabla nchi haijapata mgao wake wa faida.